Akili mnemba imenitajia kesi isiyoonekana popote: niiandike?

Swali: Wakili, shikamoo. Nasoma shahada ya sheria Chuo Kikuu Huria nikiwa hapa Nachingwea. Maktaba iko mbali, nina simu na bando la kubana. Kwa zoezi la sheria ya ardhi niliuliza programu ya akili mnemba, ikanipa kesi ya Mahakama ya Rufani, majina na mwaka vipo, lakini naitafuta siioni. Niiandike hivyo hivyo? Na kesi za kweli nitazipata wapi bila kulipia?

Jibu: Marahaba. Usiiandike. Programu hizo hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, kwa hiyo zinaweza kukutungia kesi yenye majina, namba na hata majaji, na isiwepo duniani. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha kesi zilizotungwa na ChatGPT. Jina la kesi ulilopewa na mashine lichukulie kama tetesi mpaka uisome hukumu yenyewe.

Pa kuisomea ni TanzLII, tanzlii.org, hazina ya Mahakama ya Tanzania. Ni bure. Humo zimo hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu, zikiwamo za Kanda yetu ya Mtwara inayohudumia na Lindi. Kila hukumu ina utambulisho wake: mwaka ndani ya mabano ya mraba, herufi za mahakama, kisha namba. TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Nakili utambulisho huo mzima kwenye zoezi lako, maana majina peke yake yanapotosha: Hamisi anaweza kuandikwa Hamis, Athumani akawa Athuman, ukadhani kesi haipo.

Sasa namna ya kutafuta, maana hapa ndipo bando linapoteketea. Tuseme zoezi linahusu mtu aliyelima shamba la mikorosho la mwenzake miaka mingi, sasa anasema ni lake. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 12 kwa madai ya kurudisha ardhi. Ukiandika "ardhi" tu utamwagiwa maelfu ya hukumu. Andika "adverse possession" (yaani kudai ardhi ya mwingine kwa kuikalia muda mrefu) ndani ya alama za kunukuu, chuja ibaki Mahakama ya Rufani, panga kuanzia mpya. Ya karibuni ndiyo ya kusoma kwanza, kwa sababu majaji huorodhesha humo kesi za nyuma walizozifuata na walizoziacha; mwenzio ameshakufanyia nusu ya kazi. Kisha rudia utafutaji kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hukumu za Kiswahili zinaongezeka, na anayetafuta kwa Kiingereza pekee zinampita. Hili nalisisitiza sana kwa wanafunzi.

Ukiipata kesi, uliza imefia wapi au inaishi wapi. Chukua shauri la Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuolewa. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Ukinukuu ya 2016 peke yake, umeiacha ile yenye nguvu ya kuzifunga mahakama zote za chini. Na anayesoma nakala ya Sheria ya Ndoa inayozunguka mtandaoni bado anavikuta vifungu hivyo kama vilivyoandikwa mwaka 1971, bila alama yoyote.

Sheria nazo zina mtego huo. Sheria ya Tasnia ya Korosho ni ya mwaka 2009, lakini mgawanyo wa ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje uliguswa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2018. Nani angefikiri kufungua Sheria ya Fedha akitafuta korosho? Ndiyo maana nakuhimiza upitie tovuti ya Bunge, uone sheria zilizopitishwa baadaye, na Hansard pia, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, ambayo ni ya Kiswahili na inakuonyesha kifungu kilibishaniwa vipi. Angalia vilevile toleo: Toleo la Urekebu la 2023, yaani mkusanyo wa sheria zikiwa na marekebisho yake, lilianza kutumika Julai 1, 2025, na namba za baadhi ya vifungu zimebadilika. Hukumu ya 2015 ikitaja kifungu, kihakiki kwenye toleo jipya kabla hujakinukuu.

Kenya Law na BAILII ya Uingereza, hazina za hukumu za huko, nazo ni bure, ila uamuzi wao kwetu ni wa kushawishi tu, hauwafungi majaji wetu. Zitumie pale ambapo Rufani yetu haijasema.

Kesi za zamani, zile za vitabu vya ripoti za kesi za Afrika Mashariki au za mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyingi utazikosa mtandaoni. Ziandike kwenye daftari, na siku ukienda kituo cha chuo Lindi au ukija Mtwara mjini uziulize kwa mkutubi kwa pamoja. Hiyo ya akili mnemba iweke nayo kwenye orodha. Vitabuni nako isipoonekana, ifute.