Kompyuta Ikiganda, Usikimbilie Kuizima

Wengi wanaoniletea laptopu iliyoganda huwa wameshaizima kwa nguvu kabla ya kunifikia. Ukiwauliza sababu, wanakwambia, "Ilikataa kusonga." Mimi naendesha saiba huku Kawangware, na ombi langu kwa kila mteja ni hili: subiri kwanza. Mashine nyingi zinazodhaniwa zimekufa huwa zimelemewa tu, na kazi uliyokuwa ukiandika bado imo ndani. Ukikata umeme, kile ambacho hukukihifadhi ndicho kinachokwenda.

Anza kwa kujua kilichoganda ni nini. Bonyeza Caps Lock uangalie taa yake, ikiwa kibodi yako inayo. Ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mfumo bado unakusikia. Huenda ni programu moja tu iliyokwama. Taa isipobadilika na kipanya nacho hakisogei, hapo tatizo ni kubwa zaidi. Skrini ikiwa nyeusi au imetulia kama picha huku sauti inaendelea, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huwasha upya sehemu inayoshughulikia picha, na hati zako hubaki wazi zilivyokuwa.

Kama mfumo unasikia, bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zote zinazofanya kazi, itafunguka, ingawa inaweza kuchukua muda, kwa hiyo usibonyeze tena na tena. Wenye Mac hutumia Command, Option na Esc. Kuna wazee wanaoogopa Ctrl, Alt na Delete hadi leo, na wana sababu: David Bradley, mhandisi wa IBM, alipoibuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi yake ilikuwa kuwasha mashine upya papo hapo. Kwenye Windows za sasa inakuletea menyu tu, na kazi yako iko salama.

Task Manager ikishafunguka, usiharakishe kuua programu. Soma kwanza safu za CPU (ubongo wa mashine), Memory (kumbukumbu ya muda, yaani RAM) na Disk (diski inayohifadhi mafaili); zinaonyesha kila sehemu imelemewa kiasi gani. Jioni moja mwanafunzi wa chuo alikuja na ripoti yake ya mwisho ikiwa wazi kwenye Word, imeganda, kidole chake tayari kiko kwenye kitufe.

"Kaka, si niizime tu?"

"Hapana dada, iache kwanza tuone."

Diski ilikuwa asilimia 100. Windows ilikuwa ikipakua masasisho, na wakati huohuo kinga ya virusi ilikuwa ikikagua mafaili. Word yenyewe haikuwa na kosa lolote, ilikuwa kwenye foleni. Tulikata intaneti, tukaiacha mashine ipumue, na baada ya muda maandishi yakaanza kusogea. Akahifadhi, kisha akajitumia nakala kwa barua pepe palepale. Nilifurahi naye kwa dhati.

Word ingekataa kabisa, ningeichagua kwenye orodha na kubonyeza End task. Hata hapo si mwisho. Word huhifadhi nakala ya kujiokoa yenyewe, kwa kawaida kila baada ya dakika 10. Ifungue tena, nenda File, halafu Info, halafu Manage Document, uchague Recover Unsaved Documents. Watu huandika upya kurasa nzima ilhali zimo humo.

Kitufe cha kuwashia ni cha mwisho kabisa: kishikilie kama sekunde 10 hadi mashine izimike.

Kuganda mara moja moja hakunisumbui. Kuganda kila siku kunanisumbua, na hapa Nairobi mara nyingi najua pa kuangalia. Laptopu nyingi tunazonunua ni za mtumba, zile tunazoziita ex-UK, na nyingine bado zina diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4. Ukifungua kivinjari chenye vichupo kumi, RAM inajaa, mfumo unageukia diski, nayo haina kasi hiyo. Ukiwa na pesa za kubadilisha kitu kimoja, badilisha diski uweke SSD, yaani diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi. Nimeona mashine ambazo wenyewe walikuwa tayari kuzitupa zikifanya kazi vizuri baada ya hapo. Angalia pia joto: laptopu iliyowekwa juu ya blanketi haipati hewa, na vumbi likijaa kwenye feni, mashine hupunguza kasi au hujizima.

Ukisikia diski inagonga, tik, tik, tik, acha kila kitu unachofanya. Nakili mafaili yako mahali pengine kabla ya kujaribu tiba yoyote, maana kila unapoiwasha unaweza kuwa unaimalizia uhai.

Na ukiipeleka kwa fundi, iwe Luthuli Avenue au mtaani kwako, muulize kabla hajaigusa: "Utanakili mafaili yangu kwanza?" Wapo mafundi wanaoweka Windows upya kwa kila ugonjwa, na picha za watoto wako zinafutika hivyohivyo. Akikujibu kwamba hakuna haja, chukua mashine yako utafute mwingine.