Ndoa za kupangwa India: nani anaambiwa alegeze kamba?

Umeuliza kama filamu na vipindi vya India vinamwonea mwanamke kwenye ndoa za kupangwa. Inategemea unatazama nini.

Filamu ya Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995 inasifiwa kwa mapenzi, lakini tazama vizuri: binti amepangiwa mume mwingine, na mama yake mwenyewe anamhimiza atoroke na mpenzi wake Raj, ila Raj anagoma mpaka baba wa binti aridhie. Mwisho wa siku, binti anaondoka kwa kuruhusiwa na baba, si kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kipindi cha Indian Matchmaking cha Netflix (2020), kinachofuata watu halisi wanaotafutiwa wachumba, ni cha kisasa kwa sura tu. Mshenga Sima Taparia anahubiri kulegeza masharti, na wanaoonekana wagumu ni wanawake wenye kazi na msimamo. Wanaume nao wanabanwa, tusiseme uongo. Kuna kijana anayesitasita mpaka mama yake analalamika presha inampanda.

Ukitaka filamu inayofungua macho, tafuta The Great Indian Kitchen (2021), ya Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India. Mume na mke wanakutana kwa kupangwa, wanatazamana kidogo, harusi. Baada ya hapo ni jikoni: kukatakata, kukaanga, kuosha. Baba mkwe anataka wali upikwe kwa kuni na nguo zake zifuliwe kwa mkono, ingawa mashine ipo. Wanaume wakimaliza kula wanaacha makapi juu ya meza, na mke anakaa kula papo hapo. Bomba la sinki linavuja siku nenda siku rudi, mume anaahidi kumwita fundi, hamwiti. Hakuna anayempiga mtu, na bado utakasirika.