Video yako ijibu swali kama linavyotoka mdomoni

Ukianza kutengeneza video za ufugaji hapa Uganda, utavutwa kuipa video jina la kitabuni: "Koksidiosi kwa kuku wa mayai". Mfugaji wa Wakiso aliye bandani, mikono imejaa pumba na kinyesi, hatafuti hivyo. Anabonyeza alama ya maikrofoni kwa kidole kimoja na kuiambia simu: "Kuku wangu wanahara damu, nifanyeje?" Simu inageuza sauti yake kuwa maandishi, na maandishi hayo ndiyo yanayotafutwa. Kama hakuna maneno yake kwenye video yako, ataipata ya mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kushika kamera, nenda ukasikilize. Kaa asubuhi moja kwenye duka la dawa za mifugo uandike maswali ya wateja neno kwa neno. Mtu akichapa, huchapa "dawa kuku damu". Akisema, husema sentensi nzima, yenye lini, kwa nini na shilingi ngapi. Hiyo ndiyo ifanye kichwa cha video. YouTube inaruhusu herufi 100, ila kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, basi swali litangulie. Koksidiosi, jina la kitaalamu la ugonjwa huo, iandike kwenye maelezo ya video, daktari wa mifugo naye ana haki ya kukupata.

Jibu nalo lisichelewe. "Kuku wakihara damu, mara nyingi ni koksidiosi. Watenge wagonjwa, toa matandiko ya maganda ya kahawa yaliyolowa, muulize daktari wa mifugo kuhusu dawa ya amproliamu leo hii." Salamu na jina la chaneli vifuate. Tangu Julai 2021 bando la intaneti hapa linatozwa ushuru wa asilimia 12. Usimlipishe mtu muziki wa kufungulia video.

Manukuu, yaani maneno ya video yanayoonekana chini ya picha, ndiyo kazi wanaoanza wengi wanaikwepa, na mimi naona ndiyo inayolipa kuliko zote. Kiswahili chetu kimechanganyika na Luganda na majina ya dawa, na mashine ikiachiwa inaandika vitu visivyoeleweka. Yaandike mwenyewe katika faili la SRT, aina ya faili la manukuu, hata kwenye programu ya kawaida ya kuandikia: mstari wa kwanza namba, wa pili muda, mfano 00:00:04,000 --> 00:00:07,500, wa tatu maneno uliyosema. Acha mstari mtupu, endelea na namba inayofuata. Ukipakia, chagua Kiswahili kuwa lugha ya video.

Halafu kuna matamshi. Google ilipoingiza Kiswahili kwenye utambuzi wa sauti mwaka 2017, ilikuwa kwa matamshi ya Kenya na ya Tanzania. Ya Uganda hayakuwemo. Mtu aliyelelewa kwa Luganda anaweza kusema "wanahala" badala ya "wanahara", na simu ikaandika kitu kingine kabisa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuchapisha, mpe simu jirani wa Masaka, kisha Mkongomani wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kila mmoja aulize swali lako kwa mdomo wake. Tazama simu imeandika nini. Neno likiwakwama wote wawili, tafuta jingine: "kuku wanatoa kinyesi chenye damu" husikika vizuri zaidi.

Video ndefu igawe kwa alama za muda kwenye maelezo: ya kwanza iwe 0:00, zisipungue tatu, kila sehemu ifike sekunde 10. Vichwa vya sehemu navyo viwe maswali.

Baada ya wiki chache fungua takwimu za chaneli, upande wa watazamaji wanakotokea, usome maneno waliyotafuta. YouTube haitakuambia nani alichapa na nani alisema, lakini ukikuta "kuku wangu amevimba jicho nimpe dawa gani", andika swali hilo lilivyo kwenye daftari. Hiyo ni video yako ijayo.