Trauti wa ziwani kiangazi: mchana pumzika tu

Mkuu umeuliza, unaenda kwa bro wako Norway mwezi wa 7, kuna ziwa porini lina samaki aina ya trauti, je mshipi wako wa huku Dar utafaa na uvue saa ngapi. Mshipi uache home. Huo unaenda mbali kwa uzito wa chubwi, wakati kule chambo ni ndoano iliyofungwa manyoya na uzi ifanane na mdudu, karibu haina uzito, kinachorushwa ni mshipi wa kule wenyewe ndo maana ni mnene, kwahiyo azima fimbo ya kuvulia na mshipi wake kulekule.

Muda sasa, hapa ndo penyewe. Trauti anataka maji baridi, yakipita digrii 20 hivi anaanza kuteseka maana maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi, so jua likiwaka anashuka chini au anajibanza pale kijito kinapoingilia. Nenda alfajiri au jioni sana. Ukiona viduara vinafunguka juu ya maji ujue anakula wadudu, tua chambo mbele yake taratibu, usimpige nacho kichwani, atakimbia! Ukitaka kumwachia lowanisha mikono kwanza, mikono mikavu inamtoa ute. Na kibali mwambie bro akikate mapema.