Maswali ya wasomaji: Kiini chote kijani, vidoa viko wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Nasoma shahada ya uzamili hapa Morogoro. Najaribu kuonyesha telomea, yaani ncha za kromosomu, katika seli hai za RPE (za retina ya binadamu) kwa kutumia dCas9, yaani Cas9 isiyokata DNA, iliyounganishwa na GFP, protini inayong'aa kijani. Seli zinapokea plazimidi (pete ndogo za DNA zinazobeba jeni hizo) vizuri, lakini kiini kizima kinang'aa kama taa ya msikiti na vidoa sivioni. Seli nyingine zina mabonge makubwa mawili matatu. Nimebadilisha hadubini, hali ni ile ile. Nirekebishe nini?

JIBU: Hadubini iache, haina kosa. Una protini nyingi mno.

Kila dCas9 hubeba GFP yake, nayo hung'aa hata ikielea bila kushika kitu. Kidoa huonekana pale tu zilizoshika mahali pamoja zinapozishinda kwa mwanga zile zinazoelea kando. Telomea ya binadamu ina jozi za besi kati ya 5,000 na 15,000 hivi, na dCas9 moja huhitaji kama 25, kwa hiyo hata telomea fupi ina nafasi zipatazo 200. Nafasi zipo tele. Kinachozizamisha ni mafuriko ya kijani yanayozizunguka. Promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) kali kama ya CMV ndiyo inayoleta mafuriko hayo.

Kikundi cha Bo Huang, Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilichoonyesha njia hii mwaka 2013, kiliiweka dCas9-GFP chini ya promota inayowashwa na doksisaiklini, kisha dawa yenyewe hakikuitia. Kile kidogo kinachovuja promota ikiwa imezimwa kilitosha. Nawe fanya hivyo: ingiza jeni kwa virusi vya lenti, pitisha seli kwenye mashine ya kuzichambua kwa mwanga, uchukue zile hafifu kabisa, ambazo kwa jicho la haraka ungezitupa. Huna virusi? Katika sahani ya milimita 35 anza na nanogramu 100 za plazimidi ya dCas9-GFP kwa nanogramu 900 za plazimidi ya RNA elekezi, ile inayoipeleka dCas9 mahali pake, kisha tafuta seli zenye mwanga mdogo. Zile zinazowaka zipite tu.

Halafu kagua RNA elekezi. Mfuatano unaofaa kwa telomea ni GTTAGGGTTAGGGTTAGGGTTA. GGG inayofuata kwenye kromosomu ndiyo PAM, alama ambayo Cas9 huitafuta kabla ya kufungua DNA. Usiiandike ndani ya RNA elekezi, kosa hili hutokea mara nyingi. G ya mwanzo ibaki, kwa sababu promota ya U6, inayowasha RNA elekezi, huanza vizuri na G.

Tazama pia shina la RNA hiyo, sehemu inayoshikwa na Cas9. Muundo wa zamani huanza na GTTTTAGAGCTA. Zile T nne mfululizo, kwa kimeng'enya kinachonakili kutoka U6, ni ishara ya kusimama, kwa hiyo RNA nyingi hukatika kabla hazijakamilika. Muundo uliorekebishwa huanza na GTTTAAGAGCTA: T moja imekuwa A, na A iliyokuwa ikishikana nayo upande wa pili imekuwa T ili jozi isivunjike. Shina lenyewe limerefushwa kwa jozi tano: baada ya GAGCTA huja TGCTG, kitanzi GAAA, kisha CAGCA. Ukikuta maabara yenu bado inatumia plazimidi ya zamani, usihangaike nayo, agiza mpya. Kwa kukata jeni ilifaa. Kwa picha haitoshi.

Yale mabonge ni nukleoli, viini vidogo vilivyo ndani ya kiini. dCas9-GFP isiyo na RNA elekezi hupenda kujikusanya humo. Bonge likizidi mikrometa moja, usilihesabu kuwa telomea.

Kwenye kupiga picha: panda seli 100,000 katika sahani yenye kioo cha milimita 0.17, subiri saa 48 baada ya kuingiza plazimidi, badilisha maji ya kukuzia uweke yasiyo na fenoli nyekundu, kisha iache sahani kwenye hadubini kwa nyuzi 37 hadi dakika 60 kabla ya kuanza, la sivyo fokasi itahama. Kama hakuna gesi ya kaboni dioksidi, tia HEPES, kemikali inayozuia asidi kubadilika, milimola 25 kwa lita. Tumia leza ya nanometa 488 na lenzi ya mafuta ya 100x, na upande juu kwa hatua za mikrometa 0.3. Usitarajie kuhesabu 92: telomea zilizo jirani huonekana kidoa kimoja.

Kila safari weka sahani ya pili yenye RNA elekezi isiyolenga kitu chochote kwa binadamu. Ikionyesha vidoa, vile vya kwanza navyo usiviamini.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia, Kisumu. Tunawafundisha wanafunzi kwamba Cas9 ni mkasi. Mbona hapa haikati?

JIBU: Makali yake mawili yameondolewa, mwalimu. Asidi ya amino ya 10, aspateti, na ya 840, histidini, zote zimegeuzwa alanini. Uwezo wa kutafuta na kushika DNA umebaki. Hiyo "d" ni ya "mfu", ingawa kwa kushika bado iko hai kabisa. Hata inaweza kuzuia jeni isinakiliwe ikikaa karibu na mwanzo wake. Ndiyo maana anayepima utendaji wa jeni hapaswi kuilenga hapo.

SWALI: Je, naweza kuona jeni isiyo na marudio, na kwa rangi mbili?

JIBU: Unaweza, kwa gharama. Jeni ya MUC4, kromosomu ya 3, ina kipande cha besi 48 kinachojirudia zaidi ya mara 100, kwa hiyo RNA elekezi moja inatosha. Sehemu yake isiyo na marudio ilihitaji RNA elekezi tofauti 26 hadi 36 zilizopangwa mfululizo, zote ziingie katika seli moja. Anza na palipo na marudio.

Kwa rangi, dCas9 iache bila GFP, uitie RNA elekezi vitanzi vya MS2 kwa shabaha moja na PP7 kwa nyingine, kila kitanzi kikiwa na protini inayokishika yenye rangi yake. Hanhui Ma na Thoru Pederson, Marekani, mwaka 2016 waliongeza kitanzi cha tatu, boxB, na kwa kuchanganya rangi tatu wakapata rangi saba za kutofautisha sehemu. Mwanga unaoelea hapa huongezeka, kwani protini za rangi nazo hubaki huru.

Kama swali lako ni mahali jeni ilipo tu, wala si mwendo wake, tumia FISH (kupaka DNA vipande vyenye rangi vinavyoishika) kwenye seli zilizouawa na kuhifadhiwa kwa fomalini. Ni rahisi zaidi.