Habari za bukari yao, yaani ugali wao, wazipate kwako kwanza

Serikali yetu ya Kongo (DRC) iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi mwishoni mwa Februari 2025, mtu wa kwanza kunipigia simu hakuwa mteja. Alikuwa mke wa fundi wetu mmoja. Habari aliipata sokoni, pale Kenya, komuni ya mji wetu wa Lubumbashi, na aliyempa alikwisha kuitia chumvi. "Mama, ni kweli mnafunga? Nisimlipie mtoto minervali (ada ya shule) kwanza?" Nikamjibu kwamba hatufungi, na kwamba kesho asubuhi mume wake atasikia yote kutoka kwangu mwenyewe.

Mimi ni jerante, yaani meneja, wa gareji ya magari makubwa kwenye barabara ya Kasumbalesa, hapa Lubumbashi. Malori yanayotoka Kolwezi na Likasi na mizigo ya madini hupitia kwetu kabla ya kumalizia kilomita 90 hivi zinazobaki hadi mpakani na Zambia: breki, springi, matairi, kuchomelea tela iliyopasuka. Shaba iliendelea kutoka, kwa hiyo hatukukauka kabisa. Lakini kobalti ilikuwa sehemu nene ya kazi yetu, na amri ilisema miezi 4. Mwezi wa sita ikaongezwa 3 mingine.

Tangu wakati huo vijana kadhaa wanaoongoza timu zao, mmoja ana dipo ya vipuri, mwingine shule, mwingine kampuni ndogo ya usafiri, wameniuliza tulipitaje mwaka ule bila gareji kusambaratika. Jibu langu ni moja, na mengine yote nimeyatoa humo. Habari inayogusa riziki ya mfanyakazi ni haki yake kuipata kutoka kinywani mwa mkubwa wake, mapema, kabla hajaipata sokoni au getini.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mji huu ulijengwa juu ya kampuni moja. Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo baadaye ikawa Gécamines, haikumpa mtu mshahara tu. Ilimpa nyumba, posho, hospitali, na shule ya watoto. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, nchi nayo ikaingia kwenye misukosuko, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaacha kazi. Karibu kila familia ya Katanga ina baba, mjomba au jirani aliyekuwa kwenye orodha ile.

Watoto wa wazee wale ndio mafundi wangu wa leo. Wakiona mkubwa amejifungia ofisini na mhasibu asubuhi nzima, hawaoni bajeti. Wanamwona baba yao anarudi nyumbani saa nne asubuhi. Ukiongoza watu Lubumbashi na hujui hilo, utashangaa kwa nini kikao kidogo cha hesabu kinasimamisha kazi nje.

Mimi mwenyewe, kabla ya gareji, niliwahi kufanya kazi katika kampuni ya usafirishaji ambayo jina lake silitaji. Siku idara yetu ilipofungwa, aliyetuambia alikuwa mlinzi. Alikuwa na karatasi yenye majina, akatusomea kupitia dirisha la kibanda chake, naye alikuwa anaona aibu kuliko sisi sote. Kupoteza kazi nilikumeza. Kusomewa jina langu na mtu ambaye hakuhusika na uamuzi wowote, hilo lilinikaa rohoni miaka.

Basi asubuhi ile niliwaita wote uwanjani, pamoja na mlinzi na mama anayetupikia. Nilitundika karatasi kubwa ukutani, karibu na kompresa, na kuandika kwa kalamu nene: fedha iliyoko benki, fedha ambayo wateja wanatudai na ile ambayo tunawadai, kodi ya kiwanja, mafuta ya jenereta (umeme wa SNEL, shirika la umeme, mnajua unavyokatika), na jumla ya mishahara ya mwezi. Mhasibu wangu hakupenda. Alisema siri za nyumba hazianikwi uani. Nilimwelewa, lakini nilikuwa na hakika kwamba mtu unayemwomba avumilie ana haki ya kuona anavumilia nini.

Mzee wetu wa breki, ambaye amekaa gareji kuliko mimi, aliinuka kutoka juu ya tairi alilokalia. "Mama, mushahara ya mwezi wa tatu iko?"

"Ya mwezi wa tatu iko yote, Papa. Ya mwezi wa nne iko nusu. Ya mwezi wa tano sijaiona bado."

Akaitika kwa kichwa, akaketi. Nusu saa baadaye walikuwa chini ya malori. Hakuna aliyeniomba ahadi, na mimi sikutoa yoyote. Nawasihi sana mnaoongoza: usiseme "kila kitu kitakuwa sawa" kama hujui. Taja unachokijua, taja usichokijua, na taja siku utakayorudi na habari mpya. Sisi tulikubaliana kila Jumamosi saa nne, hata kama hakuna jipya. Jumamosi zisizo na jipya ndizo zilizotulinda na uvumi, maana watu walijua kwamba kama kungekuwa na kitu wangekwisha kukisikia.

Sasa mshahara. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu viongozi wengi wanajua kiasi cha mshahara wanaoutoa na hawajui unavyofanya kazi baada ya kutoka mkononi mwao. Mafundi wetu wana likelemba. Kila mwezi wote wanachanga, mmoja anabeba. Anayebeba mwezi huu amekwisha kumpa mwenye nyumba neno lake, au ana garanti (amana) ya nyumba mpya inayomsubiri, au ana mgonjwa. Mshahara ukichelewa siku 4, likelemba inavunjika, na fundi aliye mwaminifu miaka yote anaonekana mwongo mbele ya mwenye nyumba. Kwa hiyo tarehe ina thamani yake peke yake, mbali na kiasi. Mwezi ambao hatukuweza kulipa wote, tulilipa nusu tarehe ileile ya siku zote, na tarehe ya nusu ya pili tukaiandika ukutani. Waliniambia nusu ya tarehe 28 iliwafaa kuliko mzima wa tarehe 9.

Ili kuifikia tarehe hiyo niliwaomba wauza vipuri watuvumilie. Walinung'unika, wakakubali. Muuza vipuri ana stoo. Stoo ya fundi ni mfuko wa unga ulioko jikoni, na Lubumbashi nzima inajua bei ya mfuko ule inavyoweza kuruka ndani ya wiki moja.

Mshahara wa kwanza kupunguzwa ulikuwa wangu, na kiasi kilichopunguzwa kiliandikwa kwenye karatasi ya ukutani kama mengine. Baada ya hapo ndipo nilipowauliza wao. Kulikuwa na njia mbili: wachache waondoke na wengine wabaki na mshahara kamili, au wote wabaki kwa zamu, kila mmoja na siku pungufu na malipo pungufu. Nilitoka nje ili waongee bila macho yangu. Walichagua zamu. Walijiwekea pia sharti ambalo nisingelifikiria: mwenye watoto shuleni asikose wiki mbili mfululizo. Kila mmoja akasaini nyongeza ya mkataba, yenye tarehe ya mwisho, na nakala akabaki nayo. Ile karatasi yenye tarehe ya mwisho ina maana kubwa. Kuna wakubwa wanaosema "twende konje tekniki", yaani likizo kwa sababu kazi haipo, na hawasemi mpaka lini, na watu wanakaa nyumbani mwaka mzima hawajui kama wana kazi au hawana.

Mwezi wa sita, marufuku ilipoongezwa, zamu haikutosha tena. Ilibidi wengine waondoke. Sina maneno matamu kwa sehemu hii. Nitasema tu yanayopaswa kufanyika. Kodi ya kazi, yaani kitabu cha sheria za kazi cha nchi yetu, sheria namba 015/2002 ya Oktoba 2002, haimwachii mwajiri achague kwa uso. Anapopunguza watu kwa sababu za kiuchumi anapaswa kuwaarifu wajumbe wa wafanyakazi kwa maandishi na kusikiliza maoni yao, na katika kuchagua anaangalia ujuzi, miaka ya kazi na mzigo wa familia. Kisha kuna preavi, yaani notisi: angalau siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka kamili ambao mtu ametumika. Fundi wa miaka 10 ana siku 84 za kazi. Zihesabu mapema, kabla hujafungua mdomo, kwa sababu hesabu hiyo ni deni lako na utaulizwa.

Mimi niliketi na kila mmoja peke yake, mlango umefungwa, simu imezimwa. Barua niliitoa kwa mkono wangu. Hesabu ya mwisho ilikuwa tayari mezani, mstari kwa mstari: siku alizofanya, konje ambayo hakuichukua, preavi. Pembeni kulikuwa na atestasioni (cheti) ya kazi, na karatasi ya michango yake ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, mpaka mwezi wa mwisho, ili asije akafika kwenye dirisha lao baada ya miaka na kuambiwa hajulikani. Kijana mmoja wa matairi alilia. Nilikaa naye mpaka akamaliza, halafu tukapiga simu pamoja kwa mwenye gareji nyingine upande wa Kipushi. Nadhani kila kiongozi anayemwondoa mtu anadaiwa angalau simu moja ya namna hiyo.

Wale wanaobaki husahaulika. Wiki baada ya wenzao kuondoka, watu wangu walifanya kazi vizuri mno, kimya mno, na hakuna aliyebishana nami juu ya lolote. Kiongozi asiyewajua watu wake angefurahi. Mimi niliogopa, kwa sababu fundi wa breki anayeogopa kubishana atakuachia lori litoke na bomba la hewa lenye ufa. Jumamosi iliyofuata nilisema wazi kwamba orodha imefungwa mpaka mwisho wa Septemba, na nikaiandika. Baada ya hapo mabishano yalirudi, taratibu, na mimi nikalala vizuri.

Kutoka kwenye mabishano hayo ndipo lilipotoka jambo lililotuokoa. Fundi wetu wa kuchomelea, mtu asiyeongea sana, alisema kwamba mabasi madogo yanayopita mtaani kwao Katuba yanavunja springi kila mara kwa ajili ya mashimo, na wenye mabasi wanapoteza siku nzima kwa mafundi wa pembeni wanaochomelea springi badala ya kuzibadilisha. Sisi tuna vipuri, tuna jeki, tuna mikono. Mimi nilikuwa nimezoea kuangalia barabara ya Kasumbalesa tu. Mji ulikuwa mgongoni kwangu. Tulianza na mabasi ya jirani zake. Kufika Agosti, upande mmoja wa uwanja ulikuwa wa mabasi.

Wazo likiwa la mtu, libaki la mtu. Wateja wakija kuuliza, nawapeleka kwake, na anapata sehemu yake kwa kila basi, imeandikwa kwenye mkataba wake. Sifa za mdomo ni nzuri, nami huzitoa mbele ya wote, lakini mtu aliyewalisha wenzake kwa akili yake anastahili kuiona akili hiyo kwenye bahasha ya tarehe 28.

Marufuku iliisha, na tangu tarehe 16 Oktoba 2025 kuna mgawo wa kobalti inayoruhusiwa kuuzwa nje. Tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, kisha tani 96,600 kwa mwaka, 2026 na 2027. Hiyo ni chini ya nusu ya kobalti ambayo nchi ilizalisha mwaka 2024. Niliziandika tarakimu hizo ukutani nikawaambia watu wangu bila kuzunguka: malori ya kobalti hayatarudi kama zamani, angalau kwa miaka hii miwili, na kila tunachokipanga kianzie hapo. Zamu tuliziondoa kwa waliobaki. Namba za walioondoka ziko kwenye daftari la ofisi, na kabla ya kubandika tangazo lolote la kazi tunawapigia wao. Yule kijana wa matairi amesharudi, yuko upande wa mabasi.

Sasa tunajadili kununua lifti ya kuinulia mabasi. Ni fedha nyingi kwetu, na itamaanisha miezi kadhaa bila nyongeza ya mshahara. Tumepata proforma (makadirio ya bei) mbili, moja ya hapa mjini na moja ya Ndola, Zambia. Nakala zake nimewapa mafundi wazisome kabla ya Jumamosi, na mzee wa breki ameshaniambia kwamba ya Ndola haina gharama za forodha ndani yake.