Dance Flick ilipondwa kwa haki, ila si yote

Mkuu, umeuliza kwa nini Dance Flick, muvi ya 2009 inayozitania muvi za dansi, ilipondwa vile na wahakiki, na kama inastahili bando lako. Nimecheza kwenye kundi la dansi kwa miaka, na muvi zinazotaniwa humo kwetu zilikuwa darasa: tunasimamisha, tunarudisha nyuma, tunanyanyuka kujaribu mtindo.

Uti wa mgongo wake ni Save the Last Dance ya 2001: binti Mzungu mcheza ballet anafiwa na mama kwenye ajali, anahamia kwa baba, anakutana na kijana Mweusi anayemfundisha hip hop. Juu yake wamepachika vipande vya You Got Served, Step Up na Stomp the Yard. Kama hujaziona hizo, utani mwingi utakupita.

Waandishi watano, wote wa ukoo wa Wayans, na Damien Dante Wayans ndiye aliyeongoza. Ukoo huohuo uliotoa Scary Movie mwaka 2000, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 270 duniani. Basi watu walitarajia makubwa. Tatizo ni kwamba katikati hapo Friedberg na Seltzer, watengenezaji wengine wa muvi za mzaha, walishamwaga Epic Movie, Meet the Spartans na Disaster Movie, ambazo zinakutajia tu muvi nyingine na kukudai ucheke. Hadi Mei 2009 wahakiki walikuwa hawana hamu tena na muvi za mzaha. Dance Flick ikaishia kwenye dola milioni 32 hivi.

Kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Utani wa chooni na wa unene umezidi, na wakianza kutania muvi zisizo za dansi kama Ray au Twilight unajiuliza dansi imekwenda wapi. Airplane!, muvi ya mzaha ya 1980, inadumu kwa sababu ilishika muvi moja ya zamani, Zero Hour!, ikakaa nayo, na waigizaji wakabaki na sura za kazi hata wakisema upuuzi.

Ila naona wengi waliipima kama vichekesho tu, wakaiacha dansi. Kuna sheria za muvi hizi ambazo sisi wachezaji tulizimeza bila kuuliza: deni la wahuni linalipwa kwa kushinda shindano, uhasama wa mtaa unamalizwa kwa kucheza. Dance Flick inazifuata sheria hizo mpaka mwisho kabisa, na hapo ndipo kundi letu zima lilipokuwa hoi kwa kicheko, maana tuliziamini kwa dhati. Damon Wayans Jr. naye anamcheza Thomas, kijana mhusika mkuu, kwa uzito bila kukonyeza kamera, na hiyo ni kazi ngumu sana.

Ushauri wangu: anza na Save the Last Dance na You Got Served, kisha hii. Haifiki hata saa moja na nusu. Usiitazame sebuleni na wazazi.